Kalamu Juu ya Skrini: Kuonyesha Programu kwa Mtu Asiyesoma Menyu

Kila Aprili na Oktoba kumbi za Pazhou, kusini mwa Mto wa Lulu mjini Guangzhou, hupokea wanunuzi kutoka pande zote za dunia. Maonyesho ya Canton yalianza mwaka 1957, na kwa miongo mingi biashara yake ilikuwa ya kushika kwa mkono: unapapasa kitambaa, unagonga sufuria, unapima uzito wa bomba. Siku hizi sehemu kubwa ya bidhaa zake zina programu ndani. Mashine ya kukata vitambaa ina programu. Inverta ya umeme wa jua, kamera za ulinzi, mizani ya duka, printa ya kuchapa fulana, zote ni vivyo hivyo. Muuzaji anayetaka kukushawishi anawasha kompyuta, anaiunganisha na skrini pana na kuanza kukuonyesha inavyofanya kazi.

Mbele yake kasimama mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh pamoja na mkalimani wake. Menyu ni za Kichina. Muuzaji anasema Kiingereza cha kasi, mkalimani anakuja nyuma kwa sentensi moja au mbili, na maneno "unabofya hapa" yanapomfikia mnunuzi kwa Kiswahili, kielekezi kimeshahama, dirisha limeshafungwa, na kinachoonekana ni kitu kingine kabisa. Mnunuzi anaitikia kwa kichwa, kwa sababu ya adabu na kwa sababu nyuma yake kuna wengine wanaosubiri zamu. Mzigo utapita baharini majuma kadhaa, na utakapofunguliwa ndipo itakapodhihirika kwamba hakuelewa.

Ni kwa sababu ya pengo hilo nalichukulia kwa uzito suala linaloonekana dogo: kuchora mishale, duara na mistari juu ya skrini wakati programu inaonyeshwa moja kwa moja. Wengi hulitazama kama urembo wa mtoa mada. Mimi naona thamani yake ni moja, nayo ni kwamba alama iliyochorwa husubiri. Kielekezi hakisubiri mtu, na sauti haisubiri. Duara jekundu lililozunguka kitufe litakuwa palepale mkalimani amalizapo sentensi, na hata mnunuzi akigeuka kumuuliza mwenzake. Karibu kila swali la ufundi na la adabu katika jambo hili, kuanzia chombo cha kutumia na rangi hadi nani ashike kalamu, linaweza kupimwa kwa kipimo hicho: je, alama inamsubiri aliye nyuma?

Historia ya jambo lenyewe ina mikondo miwili ambayo huchanganywa. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa MIT, alitengeneza Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya nuru. Michoro yake ilikuwa kazi yenyewe. Kompyuta ilijua kwamba mstari huu ni mstari na kwamba umeungana na ule. Kuchora juu ya onyesho ni kitu kingine. Hapo kompyuta haijui umechora nini wala kwa nini. Wino umelala juu ya picha, na maana yote imo vichwani mwa watu. Asili ya mkondo huu iko zaidi kwenye televisheni kuliko kwenye maabara. Mwanafizikia wa Marekani Leonard Reiffel alibuni katika miaka ya 1950 kifaa cha kuchora juu ya picha ya televisheni, na mwaka 1982 mtangazaji John Madden alikitumia katika fainali ya soka la Kimarekani mbele ya mamilioni ya watazamaji. Anayekaa kwenye kibanda umiza kutazama Ligi Kuu ya Uingereza anaujua urithi huo bila kuambiwa: mchambuzi anasimamisha picha, anazungushia beki duara, anachora mshale kuonyesha mshambuliaji alikopita.

Ukimtazama vizuri mchambuzi huyo utaona kwamba husimamisha picha kwanza, kisha ndipo achore. Waonyeshaji wengi wa programu hulisahau hilo, na makosa mengi huanzia hapo.

Vyombo vya kuchorea juu ya skrini hufanya kazi kwa namna kuu mbili. Namna ya kwanza ni kugandisha. ZoomIt, programu ya bure ya Windows iliyoandikwa na Mark Russinovich, ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Microsoft iliinunua kampuni yake mwaka 2006, na mwaka 2025 ZoomIt ikaingizwa katika mkusanyiko wa zana za PowerToys. Ukibonyeza Ctrl na 2, skrini yako inageuka kuwa picha tuli na kipanya kinakuwa kalamu. Ukishikilia Shift unapata mstari ulionyooka, ukishikilia Ctrl unapata mstatili, Tab inakupa duara, na Ctrl pamoja na Shift vinakupa mshale. Herufi R inaleta nyekundu, G kijani, B buluu. Ukibonyeza E wino wote unafutika, na Esc inakurudisha kwenye kazi. Namna ya pili ni kutandaza tabaka lisiloonekana juu ya skrini nzima, uchore juu yake huku programu ikiendelea kutembea chini. Zana nyingi za kompyuta za Mac na za Linux zinakwenda kwa njia hiyo, na ZoomIt yenyewe ina hali ya aina hiyo pia.

Namna ya pili huvutia zaidi machoni, lakini ina hatari. Tuseme muuzaji kazungushia mstatili kitufe cha kuhifadhi muundo. Kisha anateremsha ukurasa kidogo. Programu imesogea, wino haujasogea. Sasa mstatili ule ule mwekundu unazunguka kitufe cha kufuta. Anayesoma Kichina atang'amua mara moja. Mnunuzi wetu, ambaye tegemeo lake lote ni ule mstatili, atapiga picha kwa simu na kuondoka nayo. Alama imemsubiri, ndiyo, lakini imesubiri mahali pasipo pake, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na alama kabisa. Ndiyo maana nasimama upande wa kugandisha kila panapokuwa na tofauti ya lugha. Wanaopinga husema kugandisha kunaua uhai wa onyesho, na ni kweli kwamba huwezi kuonyesha mwendo wa mashine kwa picha iliyosimama. Lakini mwendo unaweza kuonyeshwa kabla na baada. Dakika ya kueleza kitufe haihitaji mwendo.

Guangzhou ina sababu yake ya pekee ya kutajwa katika habari hii, kwani sehemu ya vifaa vyenyewe hutoka hapo. Kampuni ya CVTE, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 2005 na kuanza kwa kutengeneza bodi za ndani za televisheni, ndiyo inayomiliki Seewo, jina la skrini kubwa za kugusa zilizoenea katika madarasa ya China, na MAXHUB, jina la skrini za vyumba vya mikutano. Nyingi za skrini za jinsi hii hutambua mguso kwa miale ya infraredi: kwenye fremu kumepangwa vitaa vidogo upande mmoja na vipokezi upande wa pili, na kidole au kalamu inapokatiza miale, kompyuta inahesabu ni wapi. Ni njia nafuu na imara, na haijali kama unagusa kwa kidole au kwa kijiti. Kwa kuwa haijali, inakamata pia kila kitu kingine. Mkono wa kanzu ukining'inia, ncha ya mtandio, ushanga wa kifundo cha mkono, vyote vinaweza kuacha mstari ambao hukuukusudia.

Tatizo jingine la skrini ya ukutani ni mwili wa mchoraji. Akichora anawapa watu mgongo na kufunika nusu ya kinachoonekana. Kibao cha kuchorea cha mezani, kama vile vya Wacom ya Japani au Huion ya Shenzhen, jirani ya Guangzhou, hakina shida hiyo: unaandika mezani ukiwa umewatazama watu, na kalamu nyingi za aina hiyo hazihitaji betri kwa sababu hupata nguvu kutoka kwenye kibao chenyewe. Kwa duka la mashine la Gerezani au ofisi ya wakala wa forodha Mombasa, kibao kidogo na kompyuta ya kawaida vinatosha kabisa. Skrini kubwa ya kugusa ni kitu kizuri kwa darasa. Kwa onyesho la programu mbele ya watu watatu ni gharama isiyo na sababu, na nimeona taasisi zikianza kununua skrini kabla hazijajiuliza nani atachora nini.

Je, kuchora kunasaidia kweli, au ni hisia tu? Ushahidi uliopo unatoka zaidi kwenye elimu. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za masomo ya mtandaoni ya edX, wakakuta kwamba video ambazo mwalimu anachora huku akieleza, kwa mtindo uliojulikana kupitia Khan Academy, ziliwashika watazamaji kuliko slaidi au picha za msimbo peke yake. Kumshika mtazamaji si sawa na kumfundisha, kwa hiyo utafiti wa Logan Fiorella na Richard Mayer wa mwaka 2016 ni wa manufaa zaidi: wanafunzi waliomwona mwalimu akichora mchoro hatua kwa hatua walielewa vizuri kuliko walioonyeshwa mchoro uliokwisha kukamilika, hasa wale waliokuwa na ujuzi mdogo wa awali. Kabla yao John Sweller na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba mtu akilazimika kugawa macho kati ya maelezo yaliyo huku na picha iliyo kule, akili yake hutumia nguvu katika kuunganisha badala ya kuelewa.

Matokeo hayo yanaunga mkono kalamu, lakini yana mpaka ambao wauzaji wa vifaa hawautaji. Mwalimu wa Khan huchora kwenye uwanja mweusi mtupu. Skrini ya programu tayari imejaa vitufe, majedwali, rangi na maandishi. Kila mstari unaoongeza unashindana na mamia ya mistari iliyokuwepo. Kwa hiyo alama moja ina nguvu kubwa, ya pili ina nguvu kiasi, na ikifika ya tano mtazamaji amerudi kule kule alikokuwa kabla hujachora. Kanuni ninayoitetea ni kali kidogo: alama moja kwa wazo moja, ifutwe kabla ya wazo linalofuata, na isifutwe mpaka mkalimani amenyamaza. Kunyamaza kwa mkalimani ndiko kunakoamua. Mtoa mada anayefuta mara tu anapomaliza sentensi yake mwenyewe ametumia kalamu kama alivyotumia kielekezi.

Mwaka 2020 yote haya yaliacha kuwa suala la ukumbini. Aprili mwaka huo, hofu ya korona ilipopanda Guangzhou, Waafrika wengi walifukuzwa kwenye nyumba na hoteli walizokuwa wakikaa, na picha za watu waliolala nje na mizigo yao zilifika kila nyumba Afrika Mashariki. Mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, iliyokuwa kitovu cha wafanyabiashara wetu, ilipungukiwa na watu. Mwezi Juni Maonyesho ya Canton yakafanyika mtandaoni kwa mara ya kwanza, kuanzia tarehe 15 hadi 24, wauzaji wakionyesha bidhaa kwa video ya moja kwa moja. Wanunuzi waliobaki Dar es Salaam, Nairobi na Kampala waliendelea kuagiza kupitia mawakala na simu. Uchungu wa Aprili ile haujaisha kwa walioupitia, na sioni sababu ya kuudharau. Lakini katika miezi hiyo hiyo mazoea mapya ya kazi yalikomaa.

Mazoea hayo yalijengwa juu ya chombo kilichozaliwa Guangzhou. WeChat ilitolewa Januari 2011 na timu ya Tencent iliyoko mjini humo chini ya Zhang Xiaolong, yule yule aliyeandika programu ya barua pepe ya Foxmail. Kwenye kompyuta, ukibonyeza Alt na A ndani ya WeChat unapata picha ya skrini, na pale pale unaweza kuweka mstatili, duara, mshale au maandishi, kisha ukaituma. Hicho kitufe kimefanya kazi kubwa katika biashara yetu na China. Kiwanda kinatuma picha ya soli. Mnunuzi anairudisha na duara kwenye mshono. Wakala anatuma picha ya fomu ya mzigo. Mwenye mali anarudisha mshale kwenye namba iliyokosewa. Watu wawili wasio na lugha ya pamoja wanaweza kumaliza jambo kwa alama nne. Hapo ndipo utaona uwezo wa kuchora unapoachwa mikononi mwa pande zote mbili.

Katika onyesho la moja kwa moja kupitia mkutano wa video, kwa mfano Tencent Meeting iliyoanzishwa Desemba 2019, kuchora kunakutana na tatizo la umbali ambalo wachache hulijua. Ili kupunguza uzito wa video, mifumo mingi huhifadhi mwangaza wa kila pikseli lakini rangi huhifadhi moja tu kwa kila pikseli nne. Mstari mwembamba mwekundu juu ya kijivu au buluu yenye mwangaza unaokaribiana nao hufika upande wa pili umefifia au umepakaa kama wino uliomwagiwa maji. Mtoa mada aliyeko Guangzhou anauona wazi. Aliyeko Mwanza kwenye mtandao wa simu haoni kitu. Dawa yake ni rahisi: mstari mnene, na rangi inayotofautiana na mandhari kwa mwangaza, si kwa rangi peke yake. Njano juu ya giza, nyekundu iliyokoza au nyeusi juu ya nyeupe. Tahadhari hiyo hiyo inawasaidia watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, ambao hukosi kuwapata katika kundi lolote kubwa, na wengi wao hawasemi.

Rangi ina jambo jingine. Kwenye mbao za soko la hisa za China nyekundu maana yake bei imepanda na kijani imeshuka, kinyume cha walivyozoea wanaofuata masoko ya Nairobi au London. Kuandika jina la mtu kwa wino mwekundu, Wachina wengi hukwepa, kwani kunahusishwa na kifo. Mkenya anayeonyesha mfumo wake wa mauzo kwa mshirika wa Guangzhou, akazungushia jina la meneja duara jekundu na kuchora mshale wa kijani kwenye safu ya faida, anaweza kuwa amesema mawili ambayo hakuyakusudia. Mimi hutumia rangi ya chungwa kwa kuonyesha mahali, na kwa maana ya vizuri au vibaya hutegemea maneno.

Maneno yenyewe hayaepukiki. Wino wa juu ya skrini ni picha tupu. Programu zinazowasomea wasioona maandishi ya skrini haziwezi kusoma duara lako. Mtu aliyeunganishwa kwa sauti tu, kwa sababu kifurushi kimekwisha, naye haoni chochote. Kwa hiyo kila alama iende na tamko kamili: kitufe cha tatu kutoka kushoto, safu ya juu, chenye alama ya diski. Nimegundua kwamba wakalimani hupenda mtoa mada wa namna hii kuliko mwenye Kiingereza kizuri, kwani sentensi inayotaja mahali haipotezi kitu inapovuka lugha.

Linabaki suala la mamlaka, yaani nani ashike kalamu, ambalo lilionekana tangu mwanzo. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha umma kipanya na kazi ya pamoja kwenye kompyuta zilizounganishwa. Katika sehemu moja ya onyesho lile skrini ilibeba vielekezi viwili, chake na cha mwenzake Bill Paxton aliyekuwa Menlo Park, kilomita 50 hivi kutoka hapo. Paxton aliweza kuelekeza kitu lakini udhibiti wa kazi ulibaki kwa Engelbart. Zaidi ya nusu karne baadaye mpangilio ni ule ule. Programu za mikutano zinaruhusu washiriki kuchora kwenye skrini inayoonyeshwa, na mwenye mkutano anaweza kulizima hilo. Wengi hulizima, wakihofia fujo. Katika mkutano wa watu 200 hofu ina msingi. Katika onyesho la mashine kwa mnunuzi mmoja, kuzima kalamu yake ni kumwondolea njia pekee ya kusema "hapa sikuelewa" bila kupitia kwa mtu wa tatu.

Aliye nyuma ndiye anayejua yuko nyuma kiasi gani. Mtoa mada hawezi kukisia. Kumpa kalamu, azungushie asichokifahamu, kunageuza onyesho: badala ya muuzaji kupita kwenye vitufe 30 anavyovipenda, mazungumzo yanakwenda kwenye vile vitatu vinavyomhusu mwenye fedha. Wauzaji hawalipendi hilo kwa urahisi, kwa kuwa linafichua sehemu za programu ambazo hazijakamilika. Hiyo kwangu ni sababu ya ziada ya kulidai.

La mwisho ni kuhifadhi. Wino wa onyesho hufutika kwa kitufe kimoja, na pamoja nao makubaliano yote yaliyofanyika juu yake. ZoomIt huhifadhi picha yenye michoro kwa Ctrl na S. Programu za mikutano nazo zina njia yake. Picha hiyo iwe na tarehe na namba ya toleo la programu, kwa sababu kiwanda kikisasisha programu, menyu huhamishwa na mshale wako wa Oktoba hautalingana na mashine itakayofika Januari. Ionyeshe pia nani aliyechora kipi, rangi moja kwa kila upande. Mnunuzi aliyeko Pazhou aiombe picha hiyo kabla ya kulipa malipo ya awali, aipokee kwenye WeChat yake mwenyewe na si ya wakala, na fundi wake wa nyumbani aipate siku hiyo hiyo ili aulize maswali yake muuzaji akiwa bado anajibu.